Miaka Waliyomkadiria Mama

Umeme ulikatika mtaani Nyakabiga wakati Léoncie anapepeta mchele. Aliacha ungo chini, akakimbilia chumba cha mama mkwe wake. Mashini ya oksijeni ikikosa umeme hulia kwanza, mlio mmoja mwembamba wa kuudhi, halafu inanyamaza. Mama Adélaïde alikuwa ameketi kitandani na vimipira vyake puani, anangoja kimya kama mteja anayengoja chenji. Léoncie akahamisha mpira kutoka kwenye mashini hadi kwenye mtungi wa chuma uliosimama pembeni, akafungua, akasikiliza mpaka pumzi ikatulia. Mtungi ule ulikuwa wa kukodi, tena ulishatumika asubuhi.

Mama Adélaïde alikaanga maandazi kwa mkaa sokoni Bwiza miaka chungu nzima. Moshi ule uliwasomesha watoto watatu, na moshi uleule ndio uliomla mapafu. Daktari alisema asikae bila oksijeni, mchana wala usiku. Mashini yenyewe ilitoka kwa jamaa mmoja aliyeko Ubelgiji, imeshatumika lakini nzima, na siku ilipofika nyumba nzima ilishangilia. Hakuna aliyekumbuka kuuliza itakula nini.

Umeme wa serikali ndio wa bei nafuu kuliko wote, hilo halina ubishi. Ubaya wake ni mmoja tu: haupo. Unakuja unapotaka na unaondoka bila kuaga, na mgonjwa wa mapafu hawezi kuuambia subiri kidogo. Mtungi ndio ghali kuliko vyote, kwani unalipia chuma, unalipia hewa, unalipia na pikipiki ya kuuleta. Gélase, mtoto wa kwanza wa mama Adélaïde na mume wa Léoncie, alikuwa mhasibu katika ofisi moja ya serikali kule Kigobe, na mwezi ule mitungi ilikuwa imemeza mshahara wake wote hata kabla ya kodi ya nyumba. Jioni alimwambia mkewe kwamba ataita kikao cha familia. Léoncie akamjibu aite, lakini asije akarudi na maneno matupu, maana mgonjwa havuti maneno.

Wakakutana Jumapili baada ya misa, sebuleni. Xavier, mdogo wake Gélase, ambaye anauza vipuri vya magari Bwiza na ana tumbo la mtu anayelala vizuri, alileta kreti ya bia. Elvire, kitinda mimba, alikuja na gari la mumewe na hakuvua miwani ya jua mpaka alipoambiwa. Kwao kikao hakianzi bila kinywaji na hakifungwi bila kinywaji, hata kama mwenye nyumba amekopa mchele. Gélase alikuwa amemwita pia fundi wa umeme wa jua, Patrick, kijana wa Kikongo kutoka Uvira, ili aeleze mwenyewe.

Patrick akaeleza. Paneli juu ya bati, betri ndani, na kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mashini. Vyote pamoja na kazi yake, faranga milioni nane. Elvire akacheka kidogo, si kwa ubaya, ni kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa. Xavier akasema yeye anaweza kupata jenereta kwa rafiki yake, karibu mpya, kwa milioni moja na nusu, na kesho yake iwe imeshafika.

Gélase alikuwa amekwisha kuzipiga hesabu zote kichwani, na alizitoa kwa ule utaratibu wake wa ofisini. Jenereta, alisema, inaingia nyumbani kwa bei nafuu lakini kuilisha ndiyo kazi. Esansi, yaani petroli, haipatikani vituoni, na ya magendo kila mtu anajua bei yake. Jua linaingia kwa bei ya kuua mtu, lakini likishaingia halili kitu.

"Jua haina foleni," alimaliza. "Ukihesabu miaka mitano, jenereta itakula mara mbili ya pesa ya jua. Hata mitatu, jua inashinda."

"Miaka mitano," alisema Xavier.

 Patrick, ambaye alikuwa mgeni na alitaka tu kujua kazi yake, akauliza swali la fundi. Akasema betri ziko za namna mbili, ya kudumu na ya muda, na ile ya muda inapunguza bei kidogo.

"Sasa munataka ya miaka ngapi?" akauliza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kijana wa watu hana kosa. Katika familia ile, na katika familia zote walizozijua, mtu hataji kifo cha mzazi aliye hai. Ni kumwitia hicho kifo. Unaweza kusema amechoka, ameshuka, hali si nzuri, lakini huwezi kumwekea idadi. Na sasa fundi alikuwa amekaa mbele yao, bia mkononi, anaomba idadi.

Elvire aliitazama chupa yake. "Daktari alisemaka nini?" akauliza polepole.

"Mwaka," Gélase akajibu. "Mwaka na kidogo, Mungu akipenda."

"Basi," akasema Xavier.

Basi nini, hakuna aliyemuuliza. Léoncie aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya ndizi alimtazama mumewe, akitumaini atasema kitu, maana yeye ni mkwe na kikao si chake. Gélase hakusema. Alikuwa anahesabu, ndiyo tabia yake, na hesabu ilikuwa imegeuka mbele ya macho yake. Kwa miaka mitano jua. Kwa mwaka mmoja, jenereta, tena kwa mbali. Hesabu haikuwa na kosa lolote.

Elvire akaongeza, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba isitoshe wasimalize pesa yote sasa, kuna mambo mengine yako mbele. Wote walielewa ni mambo gani: sanduku, hema, wali wa waombolezaji. Wakakubaliana jenereta inunuliwe, Xavier na Elvire wasaidie esansi kila mwisho wa mwezi, Patrick apewe nauli. Wakafunga kikao kwa chupa nyingine.

Kati ya sebule na chumba cha mama Adélaïde hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia la kitenge.

Kwa desturi mtoto wa kwanza ndiye anayempelekea mzazi uamuzi wa kikao. Gélase akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia mama kwamba wamemtafutia jenereta, hatakuwa na shida tena. Hakutaja jua. Mama Adélaïde akapiga makofi taratibu, kiganja kwa kiganja, kama mtu wa Burundi anavyoshukuru.

"Ni muzuri, mwanangu," akasema. "Jenereta ni muzuri. Musijitese."

Gélase akamshukuru kwa kushukuru. Alitoka akiwa amechoka kama aliyebeba saruji, na usiku ule alilala mapema.

Jenereta ilifika kesho yake kweli, Xavier si mwongo kwa vitu vya chuma. Waliiweka uani chini ya dirisha la mgonjwa, kwa sababu ndipo waya ulipofika. Siku ya kwanza ilipowashwa moshi wote ukaingia chumbani. Mama Adélaïde akakohoa mpaka machozi, mashini inampa hewa safi puani na jenereta inampa moshi kooni. Wakaihamishia upande wa pili, ukutani kwa jirani, Saliha, mjane Mwislamu mwenye heshima zake. Saliha alivumilia kwa muda, kisha akaja akasimama mlangoni, akasema hataki ugomvi na mgonjwa, Mungu amponye, lakini yeye hasikii hata adhana. Léoncie akamwomba radhi. Siku nyingine akamwomba radhi tena. Mwishowe akawa anamwomba radhi kila wanapokutana, hata jenereta ikiwa imezimwa, na Saliha akawa anapita njia nyingine.

Esansi ndiyo iliyowavua nguo. Gélase alikuwa anatoka ofisini Kigobe na kidumu cha njano kwenye mfuko mweusi, ili wenzake wasikione, na wenzake wote walikuwa wanajua. Mara nyingine alikaa kwenye foleni mpaka kituo kinafungwa, mara nyingine alinunua kwa vijana wanaouza kwa chupa za maji, na chupa moja katika hizo iliwahi kuwa nusu maji kweli. Mwezi wa kwanza Xavier na Elvire walituma mchango wao kwa simu. Mwezi wa pili Elvire alituma nusu. Mwezi wa nne Xavier akawa hapatikani kila mwisho wa mwezi, halafu simu inafunguka tarehe tano, mzima kabisa, anauliza mama anaendeleaje.

Léoncie alikuwa na meza ya vitenge sokoni. Aliuza vitenge, hakununua vingine, mpaka meza ikabaki na kanga za kuazima na yeye mwenyewe. Orlane, binti yao, alirudishwa kutoka shule ya bweni kwa karo, akaketi nyumbani majuma kadhaa akimpepea bibi yake umeme unapochelewa. Hakuna aliyelia. Maji yalikuwa yamezidi unga, wakawa wanakoroga hivyohivyo.

Na mama Adélaïde hakufa.

Mwaka ukaisha. Daktari akamsikiliza mgongo, akatabasamu, akasema bibi huyu ni mti mgumu, aendelee hivyohivyo. Gélase na Léoncie walisema Mungu ni mwema. Walilisema vizuri, kwa sauti inayofaa, na njiani kurudi hawakusema kitu kingine. Familia nyingine ingechinja hata kuku. Wao walirudi, wakala maharage.

Siku moja kwenye foleni ya esansi, jua limempiga utosini, Gélase aligundua kwamba anafanya hesabu bila kukusudia. Pesa ya jenereta, jumlisha esansi, jumlisha fundi aliyeitengeneza mara mbili. Ilikuwa imeshaipita milioni nane ya Patrick. Kisha akagundua jambo la pili. Alikuwa anangoja. Hakuwa anangoja esansi. Alikuwa anangoja mama yake afe ili hesabu iishe. Aliona aibu kubwa, akataka kutoka kwenye foleni aende akae mahali. Lakini angetoka angepoteza nafasi, kwa hiyo akabaki, na aibu yenyewe baada ya muda ikapoa.

Léoncie ndiye aliyemkuta bibi. Alirudi sokoni mapema, mchana, akasikia jenereta inanguruma uani, akaingia chumbani kumsalimu mama mkwe. Mashini ilikuwa imezimwa. Haikuharibika, ilikuwa imezimwa kwa kidole. Mama Adélaïde alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekuwa rangi ya zambarau, vimipira vimewekwa vizuri juu ya mto. Léoncie akawasha, akamvisha, akamshika mabega mpaka macho yakarudi. Alipomuuliza, bibi akasema alikuwa anapumzisha mashini kidogo. Orlane naye akakiri, macho chini, kwamba bibi amekuwa akifanya hivyo tangu daktari aliposema ni mti mgumu, na amemkataza kusema.

Gélase akaitwa kutoka ofisini, akaja kwa miguu, kwani pikipiki zilikuwa zimepandisha nauli. Akaketi palepale ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kwa nini unazima?"

Mama Adélaïde hakuwa na hasira. Alizungumza kwa vipande, pumzi inamruhusu neno moja moja.

"Daktari alisema mwaka. Na ninyi mulinunua ya mwaka. Mwaka imeisha, Gélase. Sasa mi minakula ya Orlane."

Léoncie akatoka nje. Gélase alibaki akitazama mikono yake. Alitaka kusema kwamba haikuwa hivyo, na ilikuwa hivyo. Alikuwa na usemi mwingi wa ofisini kwa makosa ya namna hii, kwamba makadirio yalitegemea taarifa zilizokuwepo, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu anayekutazama na vimipira puani.

Kesho yake alimpigia simu Patrick. Walikuwa na kiwanja kimoja kule Rubirizi, kidogo, hakina hata jiwe, lakini ni chao, ndicho kitu pekee walichokuwa nacho duniani. Gélase alikuwa ameamua kukiuza. Hakumwuliza Xavier wala Elvire. Léoncie alimwuliza mara moja tu kama ana hakika, kwani kiwanja kile walimwekea Orlane, na alipojibiwa ndiyo, akasema sawa, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Patrick akaja, akapanda kwenye bati, akapima, akashuka. Akasema kaka, mambo yamebadilika, dola imepanda, betri hazipatikani. Ile ya milioni nane sasa ni kumi na nne. Alisema kwa huruma, na huruma haipunguzi bei. Walikuwa wamesimama uani, karibu na dirisha. Gélase, kwa mazoea tu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Kiwanja kitatoa kumi na nne, labda na kidogo juu. Esansi ya mwaka ni karibu tano.

"Kwa miaka mitatu inarudisha pesa yake," akamwambia Patrick. "Chini ya mitatu, ni hasara."

Patrick akakubali kwa kichwa. Akasema amletee malipo ya kwanza kabla ya wiki kuisha, maana bei haingoji mtu, akaenda zake.

Gélase akaingia kumwambia mama. Safari hii hakuwa na kikao nyuma yake, alikuwa peke yake, na alikuwa karibu kufurahi. Akamwambia atauza kiwanja, wataweka paneli, hatasikia tena kelele ya jenereta, hatahitaji kuzima kitu. Mama Adélaïde alimsikiliza mpaka mwisho. Alivuta pumzi mara kadhaa kwanza, kama anavyofanya akitaka kusema jambo refu.

"Safari hii mumenikadiria miaka ngapi?"

"Mama, usiseme vile."

"Sema tu. Mi ni mufanyabiashara. Ngapi?"

 Gélase akasema kumi.

"Ni mingi," akasema mama Adélaïde. "Punguza."

Gélase alidhani mama anatania. Kweli palikuwa na kitu cha utani usoni mwake, uso wa mama wa maandazi aliyewahi kubishana na nusu ya Bwiza juu ya bei ya unga. Gélase akatabasamu kidogo, akasema nane basi. Mama akatikisa kichwa. Gélase akasema sita. Mama akamwambia aache kuuza kwa bei ya wazungu. Akasema tano, na hapo tabasamu lilikuwa limeshamtoka, kwa sababu aliona anakopelekwa.

"Punguza, mwanangu."

"Miaka ine."

"Punguza."

Dirisha lilikuwa wazi. Gélase akatazama mahali alipokuwa amesimama na Patrick, hatua chache tu kutoka kitandani, akajua kwamba mama yake amesikia kila neno. Akamshika mkono, ule ulioungua mafuta mara nyingi hata ngozi ikawa laini.

"Mitatu," akasema. "Mitatu, mama. Tubaki hapo. Tafazali."

Mama Adélaïde hakutoa mkono wake. Alimtazama kwa muda, na hapakuwa na lawama yoyote katika kutazama kule. Labda lawama ingekuwa afadhali.

"Miwili," akasema. "Ndiyo bei yangu ya mwisho. Kiwanja muachie mutoto."

"Apana, mama."

"Miwili. Na mashini sitazima tena, minakuahidi. Sasa enda, esansi imebaki kidogo."

Gélase alitaka kukataa. Mtoto mwema angekataa, angepiga magoti, angesema utaishi miaka ishirini, potelea mbali kiwanja. Maneno yote hayo alikuwa nayo, yamepangwa mdomoni. Lakini chini ya maneno palikuwa na kitu kingine, na alikitambua kwa uwazi kama anavyotambua tarakimu. Ilikuwa nafuu. Kiwanja kimebaki. Mama naye aliiona nafuu ile usoni mwake, akafumba macho ili amwachie nafasi ya kuondoka.

Akampigia Patrick simu akiwa bado uani, akamwambia wasubiri kwanza. Akamwambia Léoncie kwamba mama hataki. Léoncie hakuuliza mama hataki nini. Alimpa kidumu na mfuko mweusi wa kukifichia, akamwambia kuna mtu anauza nyuma ya soko, awahi kabla hajamaliza. Gélase akatoka. Alipita kwa Saliha, akasalimu, hakuitikiwa, akaendelea. Alipofika barabarani alikuwa ameshaanza kuhesabu ile miaka miwili, kuanzia siku ile.